Mwalimu Alikuja Mara Moja Tu

Binti wa Mwalimu Kaijage alinipigia simu Jumanne asubuhi kunieleza kwamba baba yake amefariki, na kabla sijamaliza kutoa pole akaniomba nizungumze msibani kwa niaba ya wanafunzi wake wa zamani. "Wewe ndiye baba alikuwa akikutaja sana, mama," alisema. Nikamwambia sauti yangu siku hizi haitoki vizuri. Akasema maneno machache yatatosha. Nikasema hapana, mwanangu. Binti wa watu ana adabu, akashukuru, tukaagana. Kuzika nilikwenda. Niliketi nyuma pamoja na akina mama wa Kilakala, nikawasikia wasemaji wakimsifu marehemu kwa upole wake, kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumlazimisha mtu jambo. Ni kweli kabisa. Upole ule mimi naujua kuliko wote waliosimama pale mbele, maana ulinigharimu. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyokuja kulelewa kwa Bibi nimekwisha kuziandika kwingine, sizirudii. Hapa naandika mwaka mmoja tu, mwaka niliowekwa ndani.

Mwalimu alitujia kutoka upande wa Bukoba, kijana mrefu mwenye suruali mbili, akapewa darasa la saba katika shule yetu ya msingi, juu kidogo ya Mkuyuni. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na mwalimu alipangiwa kazi popote taifa lilipomhitaji, hata kama hajui watu wa huko wanakula nini. Alikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyokwisha jalada, ameifunga kwa kipande cha khanga, na kila Jumatatu alituchagulia humo neno moja la kukaa nalo wiki nzima. Wiki moja neno lilikuwa "insist". Alituambia lina kazi mbili. Ya kwanza ni kutaka jambo na kutokubali kukataliwa: mama amesisitiza tule kwanza ndipo tuondoke. Ya pili ni kusema kwamba jambo ni kweli na kuendelea kusema hivyo hata watu wakikubishia: Juma anasisitiza kuwa amemwona chui kwenye migomba. Darasa likataka Kiswahili kingine, maana kusisitiza tulikuona ni neno la redioni, la viongozi. Mmoja akatoa kukazania, mwingine kushikilia, nami nikanyoosha mkono nikasema kung'ang'ania. "Kung'ang'ania ni kazi ya kupe, Zainabu," akasema, na darasa zima likaangua kicheko. Kisha akaongeza jambo ambalo wenzangu hawakuliandika, mimi nikaliandika: kwamba neno hili ni kali, mwungwana halitumii ovyo, na mtu mzima akishakwambia hapana nyumbani kwake, heshima ni kuinuka na kuaga. Ndivyo alivyolelewa. Mimi nililipenda neno lile mpaka nikawachosha watu. Nilisisitiza kwenda kuchota maji, nikasisitiza kwamba maharage hayajaiva, Bibi akauliza kama shuleni siku hizi tunafundishwa ubishi.

Kwetu milimani, kumbe, ilikuwa kinyume. Jambo zito haliombwi mara moja. Hata hodi hupigwa tatu. Mshenga akija kuposa, siku ya kwanza huambiwa "tumesikia", anakunywa maji yake anakwenda zake. Siku ya pili huambiwa wenyewe hawajakaa. Siku ya tatu ndipo mkeka unatandikwa na maneno yanaanza. Aliyekubaliwa siku ya kwanza angeingiwa na wasiwasi kwamba binti ana kasoro, na aliyekataliwa siku ya kwanza asirudi, huyo tunasema hakuwa na haja, alikuwa anapita njia. Hakuna mtu anayekaa chini kukufundisha haya. Unayanyonya tu, na kwa sababu hiyo hakuna pia anayekumbuka kumweleza mgeni. Mpaka leo, baada ya miaka mingi ya kuishi mjini, nikikaribishwa chakula nasema nimeshiba, na huwa naondoka na njaa yangu katika nyumba za watu wanaoniamini mara ya kwanza.

Nilivunja ungo wiki chache baada ya mtihani wa darasa la saba, na Bibi, mama yake mama, akaniweka ndani siku ileile. Chumba kilikuwa cha udongo, kidogo, kina kitanda cha kamba na dirisha lisilozidi sahani, limeangalia migomba. Jua liliingia humo kwa muda mfupi tu, likapita ukutani na kuondoka, nami nilikuwa nalifuata kwa kidole. Mwali hasemi kwa sauti. Haonekani na mwanamume. Nikitaka kitu niligonga ukuta, Bibi akaja. Alfajiri na magharibi alinitoa uani nimefunikwa kaniki gubigubi, nikaona miguu yangu na kipande cha ardhi, basi. Nililetewa uji, ndizi za kuchemsha, magimbi, kisamvu cha nazi, na nikasimamiwa mpaka sahani iishe, kwa sababu mwali anatakiwa atoke amenona. Mchana Bibi alinipaka mafuta ya nyonyo mwili mzima. Harufu ile nikiisikia leo popote, natafuta mlango. Watu wanaoandika vizuri kuhusu mila sina ugomvi nao. Wengi wao hawakukaa mle.

Nilichokuwa nacho ni masikio. Ukuta mmoja wa chumba changu ulipakana na baraza, na kwenye ufa wake yalipita mazungumzo yote ya Mjomba Seifu. Kwetu mtoto ni wa mjomba, na Mjomba, mwana wa kwanza wa Bibi, ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu yangu. Isitoshe alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo watu walikuja tangu asubuhi: nani hakufika shamba la kijiji, sukari itafika lini duka la ushirika, ni kweli watu wa juu watateremshwa barabarani au ni maneno tu. Redio ya jirani nayo ilisisitiza kila saa. Mjomba aliisikiliza akicheka puani. "Hawa wanatwambia mara mia kwa siku moja," alisema, "lakini hakuna aliyefunga safari kuja kukaa na mimi siku tatu." Nilikuwa nakaa mle, mikono inateleza kwa mafuta, najua habari za kijiji kizima na siwezi kumwambia mtu lolote.

Mwalimu Kaijage alikuja Ijumaa, watu wametoka kuswali. Alipiga hodi mara moja, akanyamaza. Nilimtambua kwa kukohoa kwake, nikapiga magoti kitandani nikaweka sikio kwenye ufa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Karibu ukae. Shule hawajambo?"

"Hawajambo mzee. Nimekuja na barua. Zainabu amechaguliwa kwenda sekondari, shule ya wasichana kule mjini. Katika shule yetu ni yeye peke yake. Lakini anatakiwa aripoti ndani ya wiki mbili. Asipofika, nafasi anapewa mwingine."

Kisha nikamsikia Mjomba akisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo tena. Halafu akajirekebisha. "Tumesikia, mwalimu. Lakini mtoto yuko ndani."

"Mpaka lini mzee?"

"Mpaka mavuno yapite. Ndiyo desturi."

"Haiwezekani akatoka mapema?"

"Mwali hatolewi hivihivi, mwalimu."

Mimi ndani nilikuwa natabasamu. Nataka hili lieleweke: sikuogopa hata kidogo. Kila neno lilikuwa mahali pake. Mjomba alikuwa amesema tumesikia, akasema hatolewi hivihivi, maana yake anatolewa, rudi na uzito wako. Mlango ulikuwa wazi kiasi kwamba mtoto yeyote wa pale angeuona.

Mwalimu akashusha pumzi. "Basi, sawa mzee. Wenzangu walinishauri niende moja kwa moja kwa Katibu Kata, mlazimishwe. Mimi nikasema sitaki kuwaletea matatizo. Mila ya watu ni mali yao. Nashukuru kwa kunisikiliza." Akaiweka barua kwenye mkeka, akaaga, na nikasikia nyayo zake zikiteremka mawe.

Mjomba alikaa kidogo, kisha akamwita Bibi. "Mama, umemsikia kijana? Ana mbinu huyu! Anajifanya amekubali." Alikuwa anacheka kwa furaha. "Mfunge yule jogoo mwekundu asipotee. Atarudi keshokutwa. Akija mara ya tatu tunamchinjia, anakula, anaondoka na mtoto wake. Nani kwenye ukoo huu amepata kuitwa mjini kwa barua?"

Jogoo alifungwa mguu kwenye mgomba chini ya dirisha langu. Keshokutwa ikapita. Siku ya nne Mjomba hakwenda shamba la kijiji, alikaa barazani na kanzu safi, na kila mbwa alipobweka alikohoa kujiweka sawa. Siku ya gulio alikwenda Mkuyuni, akarudi mapema. Nilimsikia akivua viatu kwa hasira. Alikuwa amekutana na mwalimu kwenye foleni ya mafuta ya taa.

"Akasemaje?" Bibi akauliza.

"Ameniamkia vizuri tu. Ameniuliza mvua huku juu zikoje."

"Barua hakuitaja?"

"Hakuitaja! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama. Huyu hata shingo hakupinda. Au mtoto wetu alimtaja kwa kutimiza wajibu tu?"

"Si umwite, Seifu."

"Nimwite mimi? Watu waseme balozi anamnadi mpwa wake kwa serikali, mwali hata hajatoka? Mwenye haja ndiye huja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwalimu hakuwa na mbinu. Mwalimu alikuwa ameinuka na kuaga kama alivyotufundisha, na huko aliko alikuwa analala usingizi mzuri wa mtu aliyeheshimu wenzake. Juu yake mlimani kulikuwa na wazee wawili wanamngoja na jogoo. Na kati ya watu wote waliohusika, aliyekuwa amesikia pande zote mbili, aliyejua desturi ya huku na somo la kule, ni mimi, na mimi nilikuwa ndani. Nililia nimeuma kaniki ili nisisikike.

Siku ile ile, Bibi alipokuja na mafuta, nikamnong'oneza. "Bibi, mpelekee mwalimu salamu. Mwambie arudi tu."

Aliendelea kunisugua mgongo. "Mwali hasemi," akajibu.

Nilingoja siku tatu. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nikamshika mkono wenye mafuta. "Bibi, nakuomba. Usiseme nani kakutuma. Mwambie arudi, basi."

Mkono wake ukasimama. "Unataka nimzunguke mwanangu kwa ajili ya mtu wa kuja?" Akachukua chupa ya mafuta akatoka, na nikamsikia jikoni akikohoa, kikohozi kisicho cha moshi.

Nami nikanuna. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na kiburi cha mtu mwenye barua. Nilikuwa nimeomba mara mbili, nimekataliwa mara mbili, na nikakumbuka darasa zima likinicheka, kwamba kung'ang'ania ni kazi ya kupe. Nikajiambia kama wananipenda wanajua ninachotaka. Bibi alipoleta uji kesho yake nikageukia ukuta. Kesho kutwa pia. Aliketi kando ya kitanda muda mrefu kuliko kawaida, ameshika bakuli, anaita, "Zainabu. Zainabu we." Sikugeuka. Aliondoka bila kuongeza neno.

Siku ya mwisho ilipita jogoo akiwa bado amefungwa. Mjomba alikaa barazani mpaka jua likazama nyuma ya mlima, kisha akasema, bila kumtazama mtu nadhani, "Mchinjeni. Atakonda bure." Walimpika kwa nazi. Nilipoletewa sahani yangu nilikuta juu ya ugali kuna firigisi. Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa: firigisi ni ya mwenye nyumba, na Mjomba Seifu hakuwahi kumpa mtu, hata mgeni. Bibi akasema, "Kasema ule wewe." Nilikuwa na njaa, nikaila. Ilikuwa ngumu, jogoo mzee, nikaitafuna huku machozi yananiingia mdomoni, na ng'ambo ya ukuta nikasikia kuwa Mjomba naye hali.

Yaliyofuata sina mengi ya kuyasimulia, kwa kuwa siku iliyofungwa inafanana na nyingine. Mvua za masika zilikuja, ukuta ukatoka jasho. Wakaja wanawake kunifunda, nikafundwa. Niliisoma ile barua, ambayo Bibi alikuwa ameniletea ndani, mpaka ikachanika kwenye mikunjo, kisha nikaacha kuisoma. Nilijaribu kukumbuka maneno ya Jumatatu na yakawa yananitoka moja moja, isipokuwa lile. Kitu kilichonitesa sikuwa nakitegemea: si giza wala mafuta, ni kule kujua. Mfungwa wa gereza la Kingolwira anajua mlango wake una kufuli na kufuli ina bwana jela. Mimi mlango wangu ulikuwa wa matete, haukuwa hata na komeo, na watu wote walioufunga walikuwa wanataka nitoke.

Nilitolewa baada ya mavuno. Asubuhi ile Bibi aliniogesha mwenyewe uani, maji ya vuguvugu yenye majani, na nje wanawake walishaanza kupiga ngoma. Alikuwa ananisugua miguu, ameinama, kwa hiyo sikuuona uso wake aliposema.

"Ulipogeukia ukuta, mjukuu wangu, nilikesha."

Akahamia mguu wa pili.

"Nilikuwa nakungoja. Nilishatoa viatu vyangu vya plastiki nikaviweka mlangoni. Ungesema mara ya tatu ningekwenda kwa yule mwalimu kwa miguu hii, na Seifu angenifanya nini, mimi si ndiye niliyemzaa? Nikaja na uji, nikakaa, nikakuita." Akamwaga maji. "Hukusema. Nikajua basi, mtoto mwenyewe hataki sana."

Nilitaka kumwambia kitu lakini wanawake walishaingia na vigelegele, nikavishwa khanga mpya, nikapandishwa mabegani. Mwanga uliniumiza macho. Watu walisema mwali huyu kafundwa vizuri, tazama anavyolia kwa haya. Mwalimu Kaijage hakuwapo. Alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine.

Nilikuja kusoma baadaye, utu uzimani, kwa njia ya posta, watoto wangu wakiwa wamelala pembeni. Sikufika mbali, ila nilifika. Mjomba alikufa, Bibi akamfuata, na lile la uani alilisema siku ile tu. Mwalimu nilionana naye tena miaka miwili iliyopita, mimi nina mvi, yeye anatembelea mkongojo, amestaafu na kujenga mjini hapa hapa. Alifurahi mno. Alinikaribisha chai kwenye sebule yake yenye vitambaa vilivyofumwa, akamwambia binti yake mimi ndiye mwanafunzi bora aliyepata kumfundisha. Kisha akasema, kwa fahari kidogo ya mzee, "Lakini niliheshimu mila yenu. Wenzangu wote walitaka nilipeleke serikalini. Mimi nilikuja mara moja tu, mjomba wako akasema hapana, nikainuka."

"Tulikufungia jogoo, mwalimu," nikamwambia.

Hakunielewa. Nikamweleza yote: hodi tatu, tumesikia, hatolewi hivihivi, kanzu ya Mjomba, foleni ya mafuta ya taa. Nilieleza kwa utulivu, nikiona kila neno linavyomwingia, na sitasema uongo hapa, ilinipendeza. Chai yake ikapoa mkononi.

"Kwa hiyo ningerudi?"

"Mara mbili tu. Ungeondoka na mimi."

"Na hakuna aliyeweza kunitumia neno? Mimi nilikuwa palepale, mwendo wa nusu saa."

"Hakuna," nikasema.

"Hata bibi yako?"

"Hata yeye."

Akaniangalia kama alivyokuwa akituangalia darasani, anapompa mtu nafasi ya kurekebisha jibu. "Na wewe, Zainabu? Hukupata hata siku moja ya kumwomba mtu?"

"Mwali hasemi, mwalimu," nikamjibu. "Sikupata."

Akaweka kikombe chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba msamaha. Nikamsamehe.